Ekari Mbili za Chama: Hamsini kwa Mia, Arobaini kwa Themanini, au Hati Moja ya Pamoja?

Chukua shamba la futi 230 kwa futi 380. Ni ekari 2 na kachembe juu, mstatili safi usio na kona za kusumbua, na barabara kuu inapita upande wake mfupi. Liwe Joska, Juja au Kitengela, miji ya Kenya inayozunguka Nairobi, haidhuru. Chama, yaani kikundi cha watu waliochanga kununua ardhi pamoja, kimemaliza kulilipia, wanachama ni ishirini na kitu, na kila mmoja anataka pa kujenga. Swali la kwanza mkutanoni huwa ni lile lile: zitatoka ploti ngapi? Mimi ningeanza kwingine. Ni sharti gani la kaunti mnataka lilegezwe, na mko tayari kutoa nini ili lilegezwe? Idadi ya ploti itajitokeza yenyewe mkishajibu hilo.

Njia ziko tatu zinazofaa kupimwa. Ya kwanza ni kugawa ploti za futi hamsini kwa mia, vile kila mtu amezoea. Ya pili ni kubana hadi arobaini kwa themanini na kuomba kaunti ikubali msongamano huo. Ya tatu ni kutogawa ardhi kabisa: mnaiacha chini ya hati mama, yaani hati moja ya shamba zima, mnaombea mpango mmoja wa nyumba za safu, kisha kila nyumba inapata hati yake ya sehemu, ile watu wanayoiita sectional.

Kabla ya kuzipima, jambo moja linazihusu zote tatu. Ikiwa hati yenu bado inasema shamba ni la kilimo, basi mko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, na kugawa kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Halafu kuna kubadilisha matumizi, ile madalali wanaiita chenji ya yuza, chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019. Hapo utaweka tangazo ili majirani wapate nafasi ya kupinga, na ombi litapelekwa na mpangaji miji aliyesajiliwa. Dalali mwenye "mtu wake pale kaunti" hana nafasi katika hatua hii. Afisa wa mipango wa kaunti anaweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa na kutoa sababu.

Sasa tuchore.

Hamsini kwa mia kwanza. Pitisha barabara ya futi 30 katikati, kutoka lami hadi mwisho wa shamba. Kila upande unabaki na futi 100 za kina, yaani kina kamili cha ploti. Urefu wa futi 380 unakupa ploti 7 kila upande, jumla 14, na mwishoni vinabaki vipande viwili vya futi 30 kwa 100. Vipande hivyo msiviuze. Ndipo lori litakapogeuzia, na ndipo tangi la maji litakapokaa. Barabara imekula asilimia 13 tu ya shamba, na mchoro wenyewe haumpi afisa wa mipango sababu ya kukunja uso. Ubaya wake unaonekana: wanachama ishirini na kitu, ploti 14.

Hapo ndipo mtu husema, "Basi tupunguze tu ziwe arobaini kwa themanini." Hesabu ya haraka ya kwenye karatasi inavutia sana. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Gawanya kwa 3,200 upate zaidi ya 13. Mara mbili, 27. Hesabu hii ndiyo inayouzia watu ndoto. Ukiichora juu ya shamba lenyewe mambo yanageuka. Kina cha futi 80 hakikai vizuri katika upana wa 230, kwa hiyo unazungusha ploti: barabara moja ya futi 30 inapita kandokando ya mpaka mrefu, na mbili nyingine za futi 30 zinaingia ndani kwa futi 200 kila moja. Unapata safu nne za ploti 5. Jumla 20, si 27. Barabara sasa zimekula asilimia 27 ya shamba, mara mbili ya kwanza. Na bado sijakata pa kugeuzia gari mwisho wa zile barabara mbili, ambapo kaunti makini haitakosa kuuliza. Ploti moja au mbili zitapungua hapo.

Angalia tena hizo namba. Katika mchoro wa kwanza ardhi inayoingia mikononi mwa wanachama ni futi za mraba 70,000. Katika wa pili ni 64,000. Mmepata ploti sita zaidi kwa kupoteza ardhi, mmejenga barabara mara mbili, na hamna hata futi moja ya pamoja iliyobaki. Sisemi ni kosa. Kwa chama cha watu 18 hadi 20, kila mtu na hati yake, huenda ndilo jibu. Ila lipangwe kwa hesabu hii, si ile ya kwenye karatasi.

Njia ya tatu inaanza na barabara ile ile moja ya futi 30, lakini badala ya ploti kuna safu mbili za nyumba zilizoshikana ukuta, zikitazamana. Kila nyumba ina upana wa futi 20, na nafasi yake yote ina kina cha futi 60: mbele futi 15 za kuegesha gari, nyumba futi 30, nyuma futi 15 za kamba ya nguo na sukumawiki. Ghorofa moja juu, jumla futi za mraba 1,200 za sakafu, vyumba vitatu vya kulala bila kubanana. Kila safu inabeba nyumba 18. Jumla 36. Na upande mmoja wa shamba linabaki eneo la futi 80 kwa 380 ambalo halijaguswa.

| | Hamsini kwa mia | Arobaini kwa themanini | Hati mama |
|---|---|---|---|
| Makazi | 14 | 20 | 36 |
| Barabara | 13% | 27% | 13% |
| Ardhi ya kila mwenye kwake (jumla, futi za mraba) | 70,000 | 64,000 | 43,200 |
| Ardhi ya pamoja, mbali na barabara | 6,000 | hakuna | 32,800 |
| Anayejenga | kila mtu kwa wakati wake | kila mtu kwa wakati wake | wote pamoja |

Mstari wa mwisho ndio unaoamua kwa vyama vingi, nitaurudia. Kwanza tumalize suala la masharti, kwa sababu hapa njia ya tatu ina siri.

Kaunti hupima msongamano kwa vipimo viwili zaidi ya ukubwa wa ploti: ni sehemu gani ya ardhi inafunikwa na majengo, na jumla ya sakafu zote ni kiasi gani ukilinganisha na ardhi. Mwongozo wa jiji la Nairobi wa mwaka 2004, kwa mfano, uliweka asilimia 35 na asilimia 75 kwa baadhi ya mitaa ya makazi yenye bomba la maji taka, na kushusha viwango hivyo pasipo bomba. Sasa pima nyumba zetu 36. Kila moja inafunika futi za mraba 600, jumla 21,600. Hiyo ni chini ya asilimia 25 ya shamba. Sakafu zote mbili zikijumlishwa ni 43,200, chini kidogo ya nusu. Maana yake ni kwamba kwa vipimo vya kufunika ardhi, mradi wenye nyumba 36 unaweza kuwa mpole kuliko ploti 14 ambazo kila mwenyewe amejaza nyumba, jiko la nje, chumba cha mfanyakazi na vyumba vya kupangisha hadi ukutani. Kinachoombwa kilegezwe ni idadi ya nyumba kwa ekari na ile nafasi ya kuacha kati ya nyumba na nyumba. Kipimo cha ardhi iliyofunikwa na kile cha sakafu viko salama. Mpangaji miji mzuri huandika barua ya maombi akianza na hapo.

Linalobaki ni maji taka, na hapa sitapita haraka, kwa kuwa ndipo maombi mengi ya msongamano hufia, na kwa haki.

Kwenye hamsini kwa mia, kila mtu na tangi lake la choo na shimo lake la kunyonya. Ardhi inatosha, ingawa jirani akichimba kisima bila kuuliza mtajuta. Kwenye arobaini kwa themanini mambo yanakaza. Ukiacha futi 5 kila ubavu, una futi 30 za upana wa kujenga. Weka nyumba, weka gari, weka tangi, weka shimo la kunyonya, na shimo la jirani liko upande wa pili wa ukuta, na la jirani wa nyuma vilevile. Udongo mweusi wa pamba, ambao umejaa pande za Kitengela na Joska, haunyonyi maji. Mvua za masika zikija shimo linarudisha. Hapo ndipo unaona kazi ya barabara ya futi 30: lori la kunyonya maji taka linahitaji kuingia, na linahitaji kutoka. Nimeona mitaa ambako lori linasimama barabara kuu na kuvuta mpira mita nyingi kupitia ua wa watu, kwa sababu waliogawa ardhi walibana njia hadi futi 15 ili wapate ploti moja zaidi.

Kwenye njia ya tatu nyumba 36 haziwezi kuwa na mashimo 36. Lazima kuwe na mtambo mmoja wa kusafisha maji taka au bomba la kuunganishwa na mtandao wa kampuni ya maji, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, itataka tathmini ya athari kwa mazingira. Ule ukanda wa futi 80 kwa 380 una kazi: mtambo unakaa pale, maji yaliyosafishwa yanamwagilia nyasi na miti, watoto wanacheza upande mwingine. Kama chama hakina nia ya kulipia mtambo huo na fundi wa kuuangalia kila mwezi, basi kiachane na njia hii leo hii. Mtambo uliokufa katikati ya nyumba 36 ni janga kuliko mashimo 14 yaliyotawanyika.

Kwa hiyo msimamo wangu, kabla sijafika mbali: ukubwa wa ploti ulegezwe mnavyotaka, lakini upana wa barabara na njia ya maji taka visilegezwe hata inchi. Kaunti ikiwapa unafuu wa vitu hivyo viwili, wanaoumia ni nyinyi.

Watu wanaopinga ploti ndogo hupenda kutaja Dandora, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, basi tuiangalie Dandora. Mradi ulianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ploti takriban 6,000, nyingi za kati ya mita za mraba 100 na 160, zikiwa na maji, choo na barabara kabla mwenye ploti hajaweka tofali. Arobaini kwa themanini ni karibu mita za mraba 297, kwa hiyo hata ile njia yetu ya pili ina ploti kubwa karibu mara mbili au tatu. Leo Dandora imepanda ghorofa za vyumba vya kupangisha, na mabomba yaliyowekwa kwa familia chache kwa kila ploti yanabeba watu ambao hayakupimiwa. Ploti kuwa ndogo halikuwa kosa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeshikilia kimo cha jengo na idadi ya vyumba baada ya hati kugawanywa. Barabara zilizochorwa bado zipo, na bila hizo hali ingekuwa mbaya mno.

Buruburu, mtaa mwingine wa Nairobi, ni somo la upande wa pili. Zile nyumba zilijengwa kwa pamoja miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa makoti, yaani vikundi vya nyumba zinazozunguka uwanja mmoja, zimeshikana, zikiwa na mpangilio mmoja. Kila mwenye nyumba akapata yake. Pita leo uone kando ya barabara: bustani za mbele zimegeuka maduka, na nyuma kuna vyumba vilivyoongezwa. Watu walihitaji kipato, wakajenga. Lakini kiini cha mtaa, yaani barabara, koti, mpangilio wa nyumba, kimevumilia, na nyumba hizo bado zinatafutwa. Mtaa uliojengwa kwa mkono mmoja huchelewa kuharibika.

Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 inajaribu kuziba pengo hilo. Chini yake kila nyumba inapata hati inayoweza kuuzwa au kuwekwa rehani benki bila kuomba ruhusa ya majirani, na sehemu za pamoja, kuta za nje, barabara ya ndani, mtambo, bustani, zinasimamiwa na shirika la wamiliki ambalo kila mwenye hati ni mwanachama wake kwa nguvu ya sheria. Zamani ilikuwa kampuni ya usimamizi, hisa, na mikataba mirefu ya kukodi ambayo benki nyingine ziliitazama kwa jicho la shaka. Sasa ukitaka kuongeza chumba nyuma, unapita kwa shirika na kwa kaunti. Wengine watauona huo ni ubwanyenye. Mimi nauona ndio ulinzi pekee ambao Dandora haikuwa nao.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu huigundua siku ya kuweka geti. Ukigawa ardhi kwa hati za kila mtu, barabara zinasalimishwa kwa umma. Ni za kaunti. Huwezi kuzifunga kwa geti na askari kama ni zako, ingawa mitaa mingi inafanya hivyo hadi siku jirani mmoja anapokwenda mahakamani. Chini ya hati mama barabara ya ndani ni mali ya pamoja, geti ni halali, na gharama ya kuitengeneza ni yenu pia. Kaunti haitaleta hata kifusi.

Houston, mji wa Texas, inafaa kutajwa hapa kwa sababu ya sadfa ya vipimo. Kima chao cha chini cha ploti kilikuwa futi za mraba 5,000, sawasawa na hamsini kwa mia yetu. Mwaka 1998 walikishusha hadi 1,400 kwa maeneo ya ndani ya mji, na mwaka 2013 wakakitandaza karibu mji mzima. Ploti moja ya zamani ikazaa nyumba mbili, tatu, za ghorofa zilizosimama wima. Kilichowezesha ni kwamba bomba la maji taka lilikuwa tayari chini ya barabara. Na mtaa ambao haukutaka ulipewa njia ya kuomba kima chake kibaki kikubwa. Sisi tunataka futi 1,200 mahali ambapo bomba halijafika. Ndiyo maana mtambo ni lazima.

Muda je? Sheria ya 2019 inasema ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa limekubaliwa. Ni kifungu kizuri, lakini msikijengee nyumba. Benki itataka barua yenye muhuri, na NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, vilevile. Mkikataliwa, mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya mipango ya kaunti inayosikiliza malalamiko, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hamsini kwa mia mara chache hufika huko. Njia ya tatu ikifika, mara nyingi ni kwa sababu majirani walisikia "nyumba 36" bila kuona mchoro. Waiteni muwaonyeshe ule ukanda wa miti kabla tangazo halijatoka gazetini.

Mtu anaweza kuuliza kuhusu eneo maalum la mipango, kama lile la mitaa ya mabanda ya Mukuru ambalo Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza mwaka 2017. Huo ni unafuu mkubwa kuliko wowote niliotaja: masharti ya kawaida yanasitishwa ili mpango mpya uandaliwe na wakazi wenyewe. Lakini hutangazwa na serikali kwa eneo lenye shida za pekee. Chama chenye ekari 2 hakiombi hilo.

Sasa ule mstari wa mwisho wa jedwali. Njia mbili za kwanza zinamruhusu kila mwanachama kujenga pesa ikipatikana: huyu mwaka huu, yule wa Doha mkataba wake ukiisha, mwingine anaacha ploti ikue thamani. Njia ya tatu inadai pesa kwa wakati mmoja, mkandarasi mmoja, na imani kwamba mweka hazina hatapotea na fedha za awamu ya pili. Chama ambacho hakijawahi kusomewa hesabu zilizokaguliwa kisiifikirie. Mnaweza kujenga kwa vikundi vya nyumba sita sita, lakini barabara, tangi na mtambo vinatangulia, na hivyo vinalipwa na wote, hata ambaye nyumba yake itakuja mwaka wa nne.

Kwa chama cha watu 14 au chini, hamsini kwa mia, na hati ziwekewe sharti la kimo na idadi ya nyumba kabla hazijachapishwa. Kwa watu 18 hadi 20 ambao kipato chao kinatofautiana sana na hawataki mkandarasi mmoja, arobaini kwa themanini, mradi barabara zote zibaki futi 30 na mpima udongo aje kabla ya mpima ardhi. Kwa watu zaidi ya hao, wenye akaunti safi na mkopo uliokubaliwa, sioni sababu ya kutojenga kwa hati mama. Ni njia pekee inayowapa nyumba nyingi na kuwaachia ardhi. Kundi la watu 25 wasio na mkopo na wanaotaka kila mtu ploti yake kwenye ekari hizi 2 halina mchoro utakaowatosha. Wauze sehemu ya hisa zao kwa wenzao, au wanunue ekari ya tatu.

Hati iwe ya kwanza kutolewa kabatini, na isomwe ukurasa wa masharti: ni ya kilimo au ya makazi, ni ya kudumu au ya kukodi, na ikiwa ya kukodi imebakiza miaka mingapi. Baada ya hapo nendeni ofisi ya mipango ya kaunti muombe kuona kanda ambayo shamba lenu limo na kima chake cha ploti, kwa maandishi. Mpima ardhi asiitwe kabla ya siku hiyo.